Mashine ya gemu ikiwa nzito, mtoto aulizwe kabla ya kulaumiwa

Mashine ya gemu iliyotengenezwa nyumbani ikianza kusuasua, nyumba nyingi hutafuta mkosaji kabla ya kutafuta sababu. Baba anasema kijana ameichosha kwa kucheza usiku. Kijana anasema ni mdogo wake, alimwaga soda juu ya vitufe. Mdogo wake hana wa kumsukumia, kwa hiyo analia. Mama, ambaye ndiye aliyekubali sehemu ya hela ya kahawa iende huko, ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiko wote wanakokuogopa.

Wakati huohuo mashine yenyewe imeshasema inaumwa wapi. Hakuna aliyeisikiliza.

Kwa mzazi ambaye hajaiona, mashine hii si kitu cha ajabu. Ni kabati la mbao lenye skrini ya kompyuta au TV ya zamani, vitufe vya rangi na jostiki kwa mbele, na ndani yake kompyuta ndogo. Kompyuta inayotumika sana kwa kazi hii ni Raspberry Pi, ubao wenye ukubwa wa kadi ya benki ulioanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 ili watoto wajifunze kompyuta kwa bei nafuu. Ukiwekewa programu ya bure iitwayo RetroPie, ubao huo huigiza mashine za zamani: zile za kaseti ambazo wazazi wengi wa leo walizipuliza kwa mdomo zilipogoma kuwaka. Nyingi ya hizo za kaseti zilikuwa nakala za Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Mario aliyemchelewesha baba shule ndiye huyuhuyu anayemchelewesha mwanawe kula.

Kwa familia za Kiruruma, na kwa vijiji vya Karagwe na Kyerwa kwa jumla, kabati kama hilo lina kazi nyingine ambayo haiandikwi kwenye maelekezo ya fundi. Bila hilo, kijana anashuka senta, kwenye kibanda cha gemu, analipa kwa mechi, na giza linaingia mzazi hajui mtoto yuko na nani. Gemu ikiwa nyumbani, angalau kelele zake zinasikika hadi jikoni. Ndiyo maana mashine kuwa nzito si jambo dogo. Ikikwama siku tatu mfululizo, siku ya nne kijana yuko senta.

Na kuna hili pia. Kijana wa kidato cha pili aliyekata mbao za mkaratusi zilizobaki kwenye kitanda, akafunga vitufe 12 na nyaya zake, akasimama na seremala mpaka mlango ukafunga vizuri, amefanya kazi ya mikono na ya kichwa kwa pamoja. Akiambiwa "umeharibu" kwa kitu ambacho hajakiharibu, somo analolipata ni kwamba mara nyingine asifungue chochote.

Basi mzazi afanyeje, hasa mzazi ambaye hajui kompyuta? Aulize maswali matatu. Uzito unaanza lini, mara tu ikiwashwa au baada ya muda? Ni gemu zote au moja? Na muziki unasikikaje? Hayo hayahitaji elimu ya kompyuta. Ni maswali ya mganga kwa mgonjwa: homa inapanda saa ngapi, inauma mwili wote au mahali pamoja.

Chukulia mazungumzo ya namna hii, jioni ya likizo ya Juni:

"Baba, imeanza kuvuta tena."

"Inavuta lini, mwanangu? Ukiwasha tu, au baadaye?"

"Baadaye. Kama nusu saa hivi."

"Gemu zote?"

"Zote. Hata ile ya magari, jana ilikuwa inakimbia vizuri."

"Na muziki?"

"Unakatika-katika, kama redio isiyoshika."

Kwa majibu hayo matatu, nusu ya kazi imekwisha. Mashine inayoanza vizuri halafu inachoka baada ya nusu saa, kwa gemu zote, inaelekeza kidole kwenye joto. Ingekuwa nzito tangu dakika ya kwanza, kidole kingeelekea kwenye umeme. Ingekuwa gemu moja tu, mashine ingekuwa salama na shida ingekuwa kwenye gemu hiyo.

Umeme ndio wa kuanza nao, kwa sababu ndio mkosaji wa mara nyingi na ndio wa bei ndogo kuliko wote. Raspberry Pi inataka volti 5. Volti zikishuka chini ya 4.63 hivi, ubao hujilinda kwa kupunguza kasi yake wenyewe. Toleo la 3, lililotoka mwaka 2016 na ambalo bado liko kwenye makabati mengi, hushuka kutoka mapigo milioni 1,200 kwa sekunde hadi milioni 600. Hiyo ni nusu kamili. Mtoto anaona Mario anatembea kama mzee wa miaka 90, kumbe ubao unapumua kwa shida.

Jambo zuri ni kwamba ubao hausemi uongo. Umeme ukiwa mdogo, alama ndogo ya radi ya rangi ya njano hutokea kwenye kona ya juu kulia ya skrini. Watoto wengi huiona kila siku wakadhani ni pambo la gemu. Mzazi aulize tu: "Hiyo radi hapo juu huwa inakuja?" Ikiwa inakuja, hakuna haja ya kwenda mbali zaidi kabla ya kuishughulikia.

Watu wa Kagera wamezoea kulaumu umeme wa nguzo, na si bila sababu. Kwa miaka mingi mkoa ulitegemea umeme uliovuka mpaka kutoka Uganda, na taa kufifia saa mbili usiku haikuwa habari. Lakini kwa mashine hii lawama hiyo mara nyingi haipo mahali pake. Chaja nzuri hupokea umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240 na bado ikatoa volti 5 zake. Taa ya sebuleni inaweza kufifia na chaja isitikisike. Mkosaji kwa kawaida yuko karibu zaidi: chaja yenyewe, au waya.

Chaja ya simu iliyonunuliwa gengeni inaweza kuandikwa ampea 2 kwa maandishi makubwa na isizitoe. Toleo la 3 linataka ampea 2.5, na toleo la 4, la mwaka 2019, linataka 3. Waya nao una tabia yake. Waya mrefu na mwembamba hula volti njiani, kama mpira mrefu wa kumwagilia unavyofikisha maji kwa unyonge upande wa pili. Seremala aliyetaka kabati lipendeze, akapitisha waya wa mita mbili nyuma ya mbao ili usionekane, bila kujua amepunguza kasi ya gemu. Kuna pia wale wanaochomeka ubao kwenye tundu la USB la TV, kwa sababu tundu lipo na linaonekana kufaa. Tundu la kawaida la namna hiyo limekusudiwa kutoa nusu ampea tu. Ni sawa na kutaka kulisha familia ya watu watano kwa ndizi moja. Nyumba zinazotumia sola ndogo zenye tundu la kuchajia simu zinaweza kukutana na shida hiyohiyo.

Kisha kuna mizigo inayoning'inizwa juu ya ubao: taa za rangi za kuzunguka kabati, flashi yenye filamu, pedi mbili za gemu, kipaza sauti kidogo cha USB. Kila kimoja kinakunywa kwenye kikombe hichohicho. Majaribio hayahitaji hela. Ondoa taa, ondoa flashi, acha pedi moja, cheza gemu ileile. Radi ikipotea, jibu limepatikana, na taa za rangi zitafutiwe chaja yao. (Kijana atasikitika. Taa ndizo alizozitafuta kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.)

Joto ni la pili. Hapa watu wa Karagwe hushangaa, kwa sababu wilaya yao ni ya milima na jioni watu huvaa masweta. Joto gani hilo? Lakini hali ya hewa ya nje na ya ndani ya kabati ni vitu viwili. Mbao hushika joto. Skrini nayo inachemka nyuma yake, chaja inachemka, ubao unachemka, na mlango umefungwa kwa komeo. Prosesa ya ubao ikifika nyuzijoto 80, huanza kujipunguzia kasi isiungue, na alama ya kipimajoto huonekana kwenye skrini. Mzazi anayetaka kuelewa aikumbuke simu yake: ikichajiwa huku mtoto anachezea gemu, inakuwa moto mkononi, halafu inakuwa nzito. Kabati linafanya vilevile, ila hakuna anayelishika mkononi.

Kuna nyumba ambako mkosaji ni kitambaa. Mama amefuma kitambaa kizuri cheupe chenye maua, kama kile cha juu ya redio na kile cha juu ya kochi, akalifunika kabati lisipate vumbi. Nia ni safi. Vumbi jekundu la barabara za huko halina mchezo wakati wa kiangazi. Lakini kitambaa kimeziba matundu ya juu, na hewa moto haina pa kutokea. Kabla hajatajwa kijana, hajatajwa mdogo wake wala soda, kitambaa kiondolewe kwa heshima na kipelekwe juu ya friji, au popote kisipoziba kitu.

Jaribio la joto ni jepesi kuliko yote: mlango wa nyuma wa kabati uachwe wazi, gemu ileile ichezwe kwa muda uleule. Ikiwa nusu saa inapita na mashine bado inakimbia, dawa ni hewa. Matundu ya kuingizia hewa yawe chini, ya kutolea yawe juu, kwa sababu hewa moto hupanda. Vipande vya aluminiamu vya kubandika juu ya prosesa husaidia, na feni ndogo ya volti 5 husaidia zaidi. Matundu yawekwe wavu wa dirisha ili mjusi asihamie humo, na wavu wenyewe upigwe brashi kila baada ya wiki mbili, maana wavu uliojaa vumbi ni sawa na ukuta.

Kwa kijana anayetaka uhakika badala ya kukisia, ubao una mahali pa kuuliza. Akichomeka kibodi na kubonyeza F4 kwenye RetroPie, anatoka kwenye picha za gemu na kufika kwenye ukurasa mweusi wa maandishi. Akiandika vcgencmd measure_temp anaambiwa nyuzijoto. Akiandika vcgencmd get_throttled anaambiwa kama ubao umewahi kupunguza kasi tangu uwashwe. Jibu likiwa 0x0, umeme na joto havina kesi. Likiwa 0x50000, umeme ulishuka na kasi ikapunguzwa, hata kama sasa hivi mambo ni shwari. Likiwa 0x50005, vinatokea dakika hiyohiyo. Mzazi hana haja ya kukariri haya. Anachohitaji ni kumwambia mtoto ayaandike kwenye daftari, na tarehe pembeni.

Daftari lina sababu. Kosa linalorudiwa na mafundi wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, ni kubadilisha vitu vitano kwa siku moja: chaja mpya, kadi mpya, programu mpya, feni, na gemu zimefutwa nusu. Mashine inapona, au haiponi, na hakuna anayejua kilichofanya kazi. Kibadilishwe kitu kimoja, ichezwe gemu ileile kwa nusu saa, iandikwe. Inachosha, lakini ndiyo njia ya bei nafuu kuliko kuagiza ubao mwingine Dar es Salaam au Kampala na kukuta nao ni mzito vilevile, kwa sababu umechomekwa kwenye chaja ileile.

Kadi ya memori ina dalili zake. Gemu inachelewa kufunguka, orodha ya picha inasita kila ikisogezwa, lakini gemu ikishafunguka inakimbia bila shida. Hapo prosesa haina kosa. Kadi ndiyo inayosoma polepole. Kadi huchoka kwa kuandikwa na kufutwa, na sokoni ziko bandia zilizoandikwa GB 64 wakati ndani hazifiki hapo. Hizo hupokea faili zote kwa adabu, halafu zikijaa huharibu zilizotangulia.

Adui mkubwa wa kadi vijijini ni kuzimwa ghafla. Uniti za LUKU zinaisha katikati ya gemu, au mtoto anachomoa waya kwa sababu ameitwa mara ya tatu kula. Kadi iliyokuwa inaandika wakati huo inaweza kubaki na faili mbovu. Mtoto azoeshwe kuzima kupitia menyu, na mzazi naye ampe dakika moja ya kufanya hivyo badala ya kuchomoa mwenyewe kwa hasira. Kadi ikishafanya kazi vizuri, itengenezwe nakala yake nzima kwenye kadi ya pili na ifichwe kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Siku ya kwanza kuharibika, nakala hiyo itarudisha kila kitu.

Pale ambapo kijana hana Raspberry Pi bali ametumia kompyuta ya mezani ya mtumba, mambo ni yaleyale kwa majina mengine. Feni imejaa vumbi, pesti ya joto juu ya prosesa imekauka, diski ya kuzunguka imezeeka, na programu kumi zinajifungua kompyuta ikiwashwa. Laptopu iliyo kwenye betri hujipunguzia kasi ili betri idumu, kwa hiyo ijaribiwe ikiwa kwenye chaja.

Sasa kuna swali ambalo mzazi anapaswa kuliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, la sivyo hatapata jibu la kweli: "Umegusa mipangilio ya kasi?"

Vijana hujifunza kwenye video za mtandaoni kwamba prosesa inaweza kulazimishwa kukimbia kuliko ilivyopangwa. Ni kweli inawezekana. Lakini prosesa iliyolazimishwa hula umeme zaidi na kuchemka zaidi, na kwenye kabati lililofungwa, lenye chaja dhaifu, matokeo ni kinyume: inapunguza kasi mara kwa mara kuliko awali. Dawa ni kurudisha mipangilio ya mwanzo, kazi ya dakika tano. Ila kijana aliyeshaambiwa kuwa ndiye mharibifu hatakiri kugusa kitu. Atasema hajui, na familia itatumia wiki tatu na nauli za kwenda Kayanga kutafuta kilichokuwa kinywani mwake tangu jioni ya kwanza. Karipio la mapema huficha ushahidi. Fundi yeyote wa pikipiki anajua hili: mteja anayeogopa kuchekwa hasemi kwamba aliweka mafuta yasiyofaa.

Kuna pia madoido ya picha. RetroPie inaweza kuchora mistari myembamba juu ya gemu ili skrini mpya ionekane kama TV ya kichogo ya miaka ya 1980. Inapendeza, na kwenye ubao mdogo inaweza kula nguvu nyingi. Izimwe, gemu ijaribiwe.

Ikiwa yote hayo yamepita na bado gemu moja tu ndiyo nzito, huenda gemu hiyo iko sawasawa.

Gemu za zamani zilitengenezwa kwa TV za aina mbili. Za Japani na Marekani zilichora picha 60 kwa sekunde. Za nchi nyingi za Ulaya, zenye mfumo wa PAL ambao Tanzania nayo iliutumia, zilichora 50. Makampuni mengi hayakujishughulisha kurekebisha gemu kwa ajili ya Ulaya, kwa hiyo toleo la Ulaya lilikwenda polepole kwa karibu asilimia 17, na muziki ukavutika nalo. Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991 ni mfano unaojulikana: yule kalunguyeye wa bluu aliyesifiwa kwa mbio alikuwa mzito zaidi kwenye TV za Ulaya. Basi mtoto akilalamika kwamba Sonic wa nyumbani ni mvivu kuliko wa kwa rafiki yake, aangalie jina la faili. Likiwa na neno Europe au herufi E, hakuna kilichoharibika. Ni toleo tu.

Kuna nyingine zilikuwa nzito tangu zilipozaliwa. Space Invaders, iliyotoka Japani mwaka 1978, ilikuwa na majeshi ya viumbe wanaoshuka polepole, na kadiri mchezaji alivyowapunguza ndivyo waliobaki walivyokwenda mbio. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, hakuanza kwa kupanga iwe hivyo. Prosesa ya mashine ilikuwa dhaifu. Viumbe wakiwa wengi ilishindwa kuwachora haraka, wakipungua ikapata nafuu. Aliona hali hiyo inaongeza msisimko, akaiacha. Udhaifu wa mashine ukawa utamu wa mchezo, na dunia nzima ikalipa sarafu kuucheza. Mtoto anayetaka kumtengenezea Space Invaders kasi moja mwanzo hadi mwisho atakuwa ameiua.

Swali la muziki linarudi hapa, na ndilo linalosaidia kuliko yote. Mashine ikiwa nzito kweli, muziki nao huvutika au hukatika-katika, kwa sababu vyote viwili vinatoka kwenye prosesa ileile. Lakini ikiwa muziki umenyooka, picha inakwenda vizuri, na malalamiko ni kwamba "nabonyeza sasa, anaruka baadaye", basi kompyuta iachwe ipumzike. Anayechelewesha ni TV. TV nyingi bapa hupokea picha, huipamba kwanza, ndipo huionyesha, na mapambo hayo hula sehemu ya sekunde. Kwa tamthilia haionekani. Kwa gemu, ndiyo tofauti ya kuvuka shimo na kutumbukia. Kwenye menyu ya picha huwa kuna chaguo lililoandikwa Game. Likichaguliwa, TV huacha kupamba. Mama aliyekaa chumba cha pili, asiyeiona skrini, anaweza kutoa hukumu hii kwa sikio lake tu.

Katika haya yote, mambo mawili ni ya mtu mzima. Umeme wa ukutani usiingie ndani ya kabati kwa nyaya zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi. Ekstensheni ibaki nje, au ifungwe na fundi umeme, na kabati lisifunguliwe kwa bisibisi likiwa limechomekwa. Na chaja isifunguliwe kabisa, na yeyote. Pia mzazi ajue kwamba gemu nyingi za zamani bado zina wenyewe wenye hakimiliki. RetroPie yenyewe ni ya bure, lakini haiji na gemu hizo, na fundi anayeuza kabati lenye gemu elfu kumi ndani anauza kisicho chake. Ziko gemu zilizotengenezwa na watu kwa mtindo wa zamani na kutolewa bure kihalali. Kijana aelekezwe huko kwanza.

Mwisho kuna ukomo wa ubao wenyewe. Toleo la 3 linamudu bila jasho mashine za kaseti, Sega Mega Drive, sehemu kubwa ya Super Nintendo, na gemu nyingi za PlayStation ya kwanza, ile ya mwaka 1994. Super Nintendo kadhaa zilizokuwa na prosesa ya ziada ndani ya kaseti, kama Star Fox ya mwaka 1993, zinaweza kuhitaji programu ya kuigiza iliyo nyepesi zaidi. RetroPie huwa na zaidi ya moja, na kijana anaweza kujaribu snes9x2010 kabla ya kukata tamaa. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ndiyo inayovunja moyo: baadhi ya gemu zake zitakwenda, nyingine zitasuasua hata chaja ikiwa mpya, feni ikiwa inavuma na kitambaa kikiwa juu ya friji. Hizo zifutwe kwenye orodha, au ziandikwe ukurasa wa nyuma wa daftari mpaka msimu mwingine wa kahawa.